Kalamu Alipewa Papa wa Toleka

Wakili alimpa kalamu mtu wa toleka. Naanza hapo, kwa sababu hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika.

Nilikuwa nimefika kwenye ofisi yake ya Makiso, hapa Kisangani, nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, mtoto mgongoni, bahasha ya nakala za karatasi zangu mapajani, na sikuwa na noti ndogo ya kumlipa mwenye baiskeli. Nikamwambia, "Papa, ngoja kidogo, navunja noti ndani." Watu wa toleka wametoroshewa nauli mara nyingi. Alitegemeza baiskeli ukutani, akanifuata mpaka ndani, akasimama nyuma yangu, kofia mkononi, jasho likimchuruzika.

Maître, ndivyo tunavyomwita wakili, akanyanyua kichwa. Tangu nianze kwenda pale sikuwahi kumwona akisimama kumpokea mtu. Siku hiyo alisimama.

"Ah, papa! Donc ni weye! Karibu, ikala hapa."

Akamvutia kiti. Mimi sikuwahi kuonyeshwa kiti hicho. Mahali pangu palikuwa benchi la koridoni. Papa wa toleka akaketi. Mtu aliyekanyaga baiskeli juani toka Tshopo mpaka Makiso, ukimpa kiti, anaketi.

"Bibi yako alishaleta karatasi yote," Maître akamwambia. "Bon. Mambo ya parcelle iko hivi."

Akamweleza kiwanja na nyumba. Akamweleza mkopo. Akamweleza kwamba wakichelewa kulipa, coopérative inayokopesha itaishika nyumba. Yule papa wa watu anaitikia tu, "Oui, Maître. Oui, Maître," kama mtu aliye kanisani kwenye misa ya lugha asiyoijua. Mimi nimesimama. Mwanzoni nilidhani ni mchezo. Kisha Maître akatoa kalamu yake nzuri, akaifungua, akageuza karatasi, akamsukumia.

"Tia sinyatire hapa, papa. Bibi atatia kiisha weye."

Papa wa toleka akaiangalia kalamu. Akaniangalia mimi. Akairudia kalamu.

"Maître, mi kutia naweza, haina shida. Lakini huyu mama, mbele anilipe course yangu."

Msichana wa mapokezi alicheka mpaka akaweka kichwa juu ya meza. Mimi sikucheka. Nilisogea mpaka mezani.

"Maître," nikasema, "fungua dossier yangu. Ukurasa wa kwanza. Soma kwa sauti."

"Mama, tuliza roho."

"Roho yangu haikuja kutulizwa. Soma! Imeandikwa célibataire. Sina bwana. Huyu ni mtu wa toleka, nimemjua asubuhi hii!"

Aliangalia dossier iliyokuwa mezani bila kuigusa. Haikuwa aibu niliyoiona usoni mwake. Ilikuwa hasira, hasira ya mtu aliyepoteza heshima mbele ya msichana wake wa mapokezi.

"Sasa papa wa mutoto iko wapi?"

"Papa wa mtoto hanunui nyumba. Mimi ndiye nanunua."

"Rudia siku ingine na mukubwa moja wa familia. Papa yako, ao tonton. Mwanamuke hawezi kujifunga peke yake kwa deni ya namna hii."

"Sheria gani inasema hivyo?"

"Weye ulisoma droit?"

"Nilisoma sekondari, nikapata diplome ya Serikali. Ukurasa mmoja naweza kuusoma. Na wewe?"

Akaichukua hiyo dossier, ile bahasha niliyomletea mwanzoni yenye karatasi zote za asili, akaitia ndani ya mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Nikaomba anirudishie. Akasema dossier ni ya coopérative, si yangu. Nikatoka, nikavunja noti kwa muuza mikate wa ng'ambo ya barabara, nikamlipa papa wa toleka.

"Mama," akaniambia, akifuta tandiko la baiskeli, "ungenikonyeza tu, ningetia. Leo ningekuwa na nyumba."

"Nyamaza."

"Bon. Bibi yangu, sasa bwana yako akupeleke wapi?"

"Coopérative. Na uendeshe bila kuongea."

Aliendesha, lakini mgongo wake ulitingishika kwa kicheko njia nzima.

Nieleze vizuri kilichonipeleka kwa wakili huyo, maana kuna watu wananiambia nilitafuta makuu.

Mimi ni mpishi. Nina malewa, banda la kulia chakula, mbele ya nyumba niliyokuwa napanga, komine ya Tshopo: lituma ya ndizi za kuponda, sombe ya majani ya muhogo, na samaki ambao wavuvi wa kwenye maporomoko wananiletea asubuhi wangali wanapiga mkia. Wateja wanakuja kwa kufuata moshi wangu. Ukinihamishia mtaa wa pili tu, naanza upya, na masufuria mazima lakini bila mtu wa kuyala. Na hapa kwetu mwenye nyumba anaweza kuamka na kukuambia mtoto wake anarudi toka Kinshasa, funga vitu. Nilishafunga vitu namna hiyo nikiwa na mimba kubwa, sufuria kichwani, watu wakinionea huruma barabarani. Huruma yao sikuitaka. Nilitaka ua.

Mwenye nyumba yangu ni mama mjane. Siku moja alikuja akaketi kwenye benchi la malewa, akala lituma mpaka akaramba vidole, kisha akasema anauza. Watoto wake wa kike wote wako Isangi, anataka kuzeekea kwao, karibu na maji. "Mbele nakuambia weye," alisema, "juu weye ndiye ulinipikia nikiwa mugonjwa. Lakini shemeji yangu anapakia mashua yake ya kwenda Isangi. Ikijaa, nakwenda. Mwenye atakuwa na makuta siku ile, ndiye atabaki na nyumba."

Mwingine aliyeitaka ni mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini. Mtu mpole, simlaumu. Alikuja kila Jumapili baada ya misa, akanunua sahani, akatembea kando ya ukuta akipima kwa hatua zake, akanisalimia, "Mama, chakula iko muzuri." Kila nikimwona anapima, nilihesabu hatua zake kimoyomoyo.

Mimi sikuwa na pesa za kumwaga mezani, lakini nilikuwa na coopérative yangu ya akiba na mkopo. Naweka huko tangu nilipokuwa nauza beignets, yale maandazi ya barabarani, na nikikopa narudisha. Walikubali kunikopesha. Sharti lao moja: mkopo wa nyumba hautoki mpaka wakili anayekubaliwa na wao asome karatasi za muuzaji, aende kwenye ofisi ya hati za ardhi ahakikishe, kisha aandike kwamba anayeuza ndiye mwenye mali kweli. Sharti zuri. Silipingi. Katika mji huu kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa familia mbili, na zote mbili zikafika na matofali asubuhi moja. Nilifurahi kwamba kuna mtu atanisomea kwa macho makali kuliko yangu.

Nikamuuliza mtu wa mikopo pale coopérative, "Wakili wenu ni nani?" Akanielekeza Makiso. Nikampelekea Maître karatasi zangu, pamoja na hati ya kiwanja yenyewe, ile ya asili, ambayo mama mjane alinikabidhi ikiwa imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Nikalipa malipo yake mbele, kama alivyotaka. Kisha nikawa mtu wa benchi la koridoni. Kila nikienda, ananiuliza, "Papa iko wapi?" Nilidhani ni namna yake ya kusalimia. Najibu, "Yuko salama," nikimfikiria baba yangu mzazi, naye anasema, "Bon, tutaonana wiki kesho." Kumbe alikuwa anamngoja bwana. Wiki hizo zote alikuwa anamngoja bwana wangu ili afungue dossier ambayo ukurasa wake wa kwanza ulisema bwana hayupo.

Siku ile ya kalamu nilifika coopérative moja kwa moja toka Makiso. Mtu wa mikopo alikuwa anakula karanga.

"Nipe avoka mwingine, wakili anayesoma," nikamwambia.

"Mwingine wa nini, mama? Huyu ndiye tulimuzoea."

"Mko naye mmoja tu?"

"Hapana. Wako watatu."

Alisema hivyo akitafuna.

"Watatu. Na hukuniambia?"

"Mama, weye uliomba avoka. Haukuomba kuchagua."

Nilimwekea mtoto juu ya meza yake, katikati ya karanga, ili nipate mikono miwili ya kuongea nayo. Nikamwambia kwamba mimi nikiuliza samaki sokoni, muuzaji ananionyesha samaki wote, hata wale wabovu ananionyesha, kisha mimi ndiye nanusa. Yeye, aliyesoma, na kravati yake, alininusia. Kwa pesa yangu.

"Bon, bon, mama, toa mutoto, atakula karanga." Akafuta meza. "Kuna moja alihamia Kinshasa. Wa tatu iko mama. Lakini batu banamukimbia."

"Kwa nini?"

"Iko mukali. Anachelewesha. Anataka kuona yote, anatembea na miguu mpaka kwenye parcelle, anauliza majirani."

"Kazi ya namna hiyo ndiyo niliyoilipia tangu mwanzo," nikasema, nikachukua mtoto wangu.

Huyo Maître mama alikuwa na ofisi ndogo Mangobo, chumba kimoja, dirisha linaangalia karakana ya milango ya chuma. Alinionyesha kiti kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa na nakala tu, lakini alizisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, akiweka kidole, mimi nikinyonyesha. Akauliza mume wa yule mama mjane alikufa lini, watoto ni wangapi, nani anaishi nyuma ya ukuta. Maswali ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Kisha akavua miwani.

"Siwezi kuishika hii," akasema.

"Kwa sababu sina bwana?"

"Bwana wa nini? Hakuna mahali umeandika bwana. Siwezi juu mwenzangu wa Makiso iko na hati ya asili, na dossier iko bado mu mikono yake. Mbele aiachilie. Hiyo ndiyo kanuni yetu."

"Haiachilii. Ameifungia."

"Basi umuandikie bâtonnier. Ni mukubwa wetu sisi bote mawakili ba hapa. Yeye anaweza kumuambia arudishe."

"Niandikie wewe, Maître."

"Hapana. Juu ya mwenzangu sikuandikii. Andika weye mwenyewe, uliyeona."

Nilimwambia usoni kwamba mawakili wanalindana. Hakukasirika. "Ndiyo, tunalindana," alisema. "Ndiyo maana tuliweka bâtonnier. Nenda. Ukinirudia na hati, kesho yake nafika kwenye parcelle."

Jioni ile mama mjane alinijia jikoni. Hakuketi. "Karatasi yangu iko wapi?" Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa papa wa toleka. Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Mwanangu, sabuni na chumvi bamemaliza kupakia. Yule papa wa jumla ameniuliza tena leo. Mi nitamuambia nini? Na hati yangu mwenyewe sina." Alisema polepole, na ule upole ulinichoma kuliko makelele. Nilikuwa nimepoteza karatasi ya mtu aliyenipa neno lake. Nyumba ilikuwa inaondoka, na inaondoka pamoja na jina langu.

Asubuhi sikuwasha moto. Wateja walikuta benchi limepinduliwa. Nikaenda kwa papa mmoja anayechapa barua za watu chini ya mwavuli, karibu na mahakama, na mashine yake inayounguruma. Nilikuwa nimeshaiandika kwa mkono, kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa. Alisoma mstari wa kwanza akashika kichwa.

"Yaya, dada yangu, mukubwa wa mawakili hawamuandikii hivi. Unasema 'hakusoma'. Tuweke 'hakupata nafasi ya kusoma'."

"Nafasi alikuwa nayo. Weka hakusoma."

"Na hapa, 'alimpa kalamu mtu wa baiskeli'. Tuseme 'kulitokea hali ya kutoelewana'."

"Wao walielewana vizuri kabisa. Mimi ndiye sikueleweka. Chapa."

"Nzambe! Mwisho wake utaweka nini? Weka 'kwa unyenyekevu mkubwa naomba'."

"Weka 'naomba'. Unyenyekevu niliumalizia koridoni."

Alichapa, akitingisha kichwa, lakini niliona anaanza kuupenda ule mstari wa kalamu, maana aliurudia kwa sauti na kumsomea mwenzake wa mwavuli wa pili. Nikatia sahihi. Nikatoa nakala, moja ya coopérative, moja ya Maître mwenyewe, kwa sababu sikutaka aseme nilimsema nyuma ya mgongo. Kwa bâtonnier, msichana wa mapokezi alitaka niache barua mezani. Nikamwambia sitoki bila mhuri kwenye nakala yangu. Akaleta mhuri.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Bâtonnier alimwita Maître. Kabla wiki haijaisha hati ilirudi mikononi mwa mama mjane, imefungwa kwenye bahasha, na dossier ikaachiliwa, bila neno la pole. Maître wa Mangobo alikuja kama alivyoahidi, viatu vya kutembelea miguuni. Aliwaita majirani wote wa pande zote, akamwambia kila mmoja asimame mahali anapodhani ardhi yake inakomea. Wamama na vitambaa vyao, mzee wa nyuma na mswaki mdomoni, wote wamesimama wima kama watoto wanaopiga picha ya shule. Mzee mmoja tu alisimama ndani ya jiko langu. Wakamzomea mpaka akarudi nyuma hatua zake mwenyewe, akisema alikuwa anatania. Maître akaandika yote, wakatia sahihi, nikawapikia. Mkopo ukatoka. Mama mjane alipanda mashua ya shemeji yake akiwa amelipwa, na lituma ya njiani nilimfungia mimi. Yule papa wa jumla alinunua kwingine. Wafanyakazi wake wanakula kwangu.

Nyumba ni yangu. Wananiuliza sasa niliandika nini mpaka mambo yakatembea, wengine wakidhani nilikuwa na mkubwa fulani nyuma yangu. Sikuwa na mtu. Niliandika hivi, naiweka hapa kwa Kiswahili:

*Kwa Bâtonnier wa mawakili, Kisangani.*

*Kuhusu: malalamiko juu ya wakili aliyeshika dossier yangu bila kuisoma.*

*Bâtonnier,*

*Mimi ni mpishi, mkaaji wa komine ya Tshopo, mama wa mtoto mmoja, sijaolewa. Ninanunua nyumba kwa mkopo wa coopérative ambayo mimi ni mwanachama wake. Coopérative inataka wakili inayemkubali asome karatasi. Nilielekezwa kwa wakili ambaye jina lake liko nyuma ya karatasi hii. Nilimlipa kabla ya kazi.*

*Hakusoma. Ushahidi wangu ni huu: alimpa kalamu mtu wa baiskeli aliyenileta ofisini, akidhani ni bwana wangu, ili atie sahihi ya deni langu. Mtu huyo jina langu halijui. Kama wakili angefungua ukurasa wa kwanza tu, angejua kwamba sina bwana. Nilipomwonyesha kosa lake, alidai nilete mwanaume wa familia, na hakuniambia ni sheria gani inayotaka hivyo. Nilimuuliza.*

*Ameifungia dossier yangu. Ndani yake mna hati ya kiwanja ya muuzaji, ambayo si yake, si yangu, wala si ya coopérative. Muuzaji anasafiri. Hati isiporudi kabla hajasafiri, mimi ninapoteza nyumba, na yeye anadhani nimemwibia.*

*Naomba umwamuru arudishe hati kwa mwenyewe, aiachilie dossier yangu kwa wakili mwingine niliyemchagua, na anirudishie malipo ya kazi ambayo hakuifanya.*

*Naomba pia aulizwe ni dossier ngapi za wanawake ziko ndani ya mtoto wa meza yake zinangoja bwana.*

*Jibu naomba liwe kwa maandishi, na liandikwe kwa jina langu.*